Fundi Meno na Sharti la Kushindwa

Mama mkwe alipofariki aliacha nyumba ya vyumba sita, kabati la sahani ambazo hakuna aliyewahi kulia chakula, na wosia wa kurasa mbili ulioandikwa na mtu asiyemwamini yeyote. Kila mrithi alipewa kitu, na kila kitu kilikuja na sharti lake. Mwanawe wa kiume alipata vyumba viwili vya nyuma, mradi asiviuze. Binti yake alipata vitatu vya juu, mradi asivipangishe. Chumba cha mbele, chenye mlango wake wa barabarani, hakumpa hata mmoja wao. Alimwachia mume wa binti, "afanyie humo kazi yake ya meno muda wote wa uhai wake, ila akiwa mcheza kamari, basi kitoke kwake kirudi kwa wanangu wote wawili."

Waliomjua marehemu hawakushangaa. Mumewe alicheza kamari mpaka nyumba yao ya kwanza ikawa ya watu wengine, naye akalea watoto wawili akiwa na chuki moja tu maishani, lakini iliyotunzwa vizuri. Waliotazamana ni wale waliomjua mkwewe, Fundi Meno. Kila Alhamisi, saa tisa alasiri, Fundi alizima mota ya kung'arishia, akafuta vumbi la plasta mezani, akachanga karata. Mchezo ulikuwa poka. Marehemu aliwahi kuulizia kelele za Alhamisi, akaambiwa wanapiga hesabu.

Fundi alikuwa na miaka hamsini na sita, na thelathini kati ya hiyo aliitumia kutengeneza meno ya bandia. Hakuwa daktari na hakupenda kuitwa daktari. Daktari ni yule anayeng'oa, na kung'oa, alisema, hata mlango unaweza. Rafu tatu za chumba kile zilijaa vinywa vya plasta, kila kimoja na namba yake ya penseli. Wateja waliokuwa wakisubiri walizoea kutafuta vinywa vyao rafuni, na wakiviona walikunja uso kama mtu aliyeonyeshwa picha ya kitambulisho chake. Fundi alizijua familia za mitaa mitatu kwa taya. Ukimtajia jina la mtu, alikukodolea macho. Ukimwambia yule anayesagia upande wa kulia, alikuambia mpaka anapofanya kazi.

Kwa mcheza poka, hiyo ni elimu ya chuo kikuu. Sura inaweza kufundishwa kudanganya. Wengi waliokaa mezani pake walijua kutuliza macho, kulegeza mikono, hata kupiga miayo huku moyo unadunda. Lakini hakuna mtu anayekumbuka kuyafundisha meno ya bandia. Mtu akipata karata nzuri hubana taya, kidogo tu, na bamba la chini linaloshika meno huinuka upande mmoja kwa unene wa karatasi. Mtu akizuga, ulimi wake hupanda kulikagua bamba la juu, kama mwenye nyumba anayehakikisha kwamba mlango umefungwa. Mengi ya mabamba hayo Fundi aliyatengeneza mwenyewe. Hakumwambia mtu. Wenzake walidhani ana bahati, na waliendelea kuja, maana bahati ya mtu mwingine huonekana kama kitu ambacho wiki ijayo kinaweza kuhama.

Walichezea meno. Yale yaliyotoka kiwandani na kasoro, ya rangi isiyofanana na ya binadamu yeyote, Fundi aliyaweka kwenye kopo, na mchezo ukiisha yalibadilishwa kwa sarafu ambazo zisingemnunulia mtu soksi.

Aliyepoteza meno mengi kuliko wote alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa mkewe, wakala wa bima aliyeitwa Bima hata na watu waliokataa kununua. Bima alivaa mabamba yote mawili, la juu na la chini, kazi ya Fundi, bila malipo kwa sababu ya undugu, na aliyalalamikia kwa sababu hiyo hiyo. Kwa miaka minne alishindwa karibu kila Alhamisi, na kwa miaka minne poka ilikuwa kwake burudani, mazoezi ya ubongo, namna ya kuwaona ndugu. Wosia uliposomwa aligundua kuwa ni kamari. Ugunduzi huo ulimjia kabla hajavua miwani ya kusomea.

Alikuwa na haja yake. Ofisi yake ilikuwa meza ya kukodi ndani ya duka la fotokopi, na mteja aliyetaka kujua familia yake italipwa nini akifa alilazimika kupiga kelele kuishinda mashine. Mlango wa barabarani ungemfaa. Alimwambia dada yake kwamba hana ubaya na mtu, anatetea tu heshima ya mama. Akaongeza kwamba ameshapima ukuta, kibao chake kitaenea.

Suala likapelekwa kwa Mjomba, ndugu wa marehemu, karani mstaafu wa mahakama. Kwa miaka thelathini na tatu Mjomba alibeba mafaili ya mahakimu kutoka chumba hiki kwenda kile, na mahali fulani njiani akaamini kwamba anayebeba ndiye aliyeandika. Alikuja Jumapili baada ya chakula cha mchana na daftari lenye jalada gumu, akaketi sebuleni juu, akagonga glasi kwa kijiko na kutangaza kwamba baraza limekaa. Palikuwa na makochi mawili na stuli.

Mke wa Fundi alikuwa koridoni akipiga pasi. Siku sita za wiki alinyoosha mashuka kwenye dobi la hospitali, na ya saba alinyoosha nguo za watu kwa malipo, kwenye meza ya kukunja iliyoziba korido, hivi kwamba aliyetaka kupita alipita ubavu. Mlango wa sebule ulikuwa wazi na alisikia kila neno. Hakuna aliyemwita aketi, ingawa wosia ulikuwa wa mama yake.

Bima alianza. Alikuwa ameandika hoja zake kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni. Karata huchanganywa; hakuna anayejichagulia; kile ambacho mtu hakukichagua ni bahati; na anayeweka mali yake kwenye bahati ni mcheza kamari. Fundi aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa, kuhusu yule anayempa Bima pesa kila mwezi akihofia nyumba yake itaungua, na Bima anayezipokea akiomba isiungue: mchezo huo jina lake nani? Bima alisema unaitwa mipango. Fundi akasema hata yeye hupanga. Mjomba akagonga glasi.

Kisha Mjomba akamuuliza Fundi kama huwa anashinda. Fundi akakubali kwamba mara nyingi hushinda. Bima akadakia kwamba anayeshinda karata mara nyingi ni mwizi, na mwizi hawezi kukaa kwenye chumba cha mama yake. Mjomba akataka kujua ingekuwaje kama Fundi angekuwa anashindwa mara nyingi. Hapo, Bima akasema, ingekuwa wazi kabisa kwamba ni kamari.

Fundi alimtazama kama anavyotazama kipimo cha mdomo kilichochukuliwa vibaya.

"Kwa hiyo nikishinda ni mwizi, nikishindwa ni mcheza kamari."

"Mimi sijasema kitu," alisema Bima. "Umejihukumu mwenyewe, shemeji."

Fundi alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi ya hayo machache yalikuwa "fungua" na "uma." Siku hiyo alitumia akiba. Alimwomba Mjomba atoe sarafu, airushe, na Bima achague upande huku akijitahidi kwa nguvu zake zote kukosea. Mjomba akarusha. Bima, ambaye hakuwa na hakika anafanyiwa nini, akasema kichwa. Kikatoka kichwa.

"Ameshinda bila kupenda," alisema Fundi. "Hiyo ndiyo kamari, Mjomba. Kwenye kamari hata kushindwa huwezi kujiamulia. Poka mimi nikitaka kushindwa, nashindwa, hata karata zije nzuri namna gani. Sasa bahati iko wapi?"

Mjomba alifungua daftari lake. Katika miaka yote thelathini na tatu hakuwahi kubeba hoja ya namna hiyo, na ilimpendeza kama kitu alichokitunga mwenyewe. Alipoanza kuandika, ilikuwa tayari yake. Akaamuru hivi. Jumapili ijayo, saa tisa hadi saa kumi na moja, katika chumba cha mbele, Fundi atacheza na Bima, wao wawili tu. Bima atapewa meno sitini na Fundi arobaini, kwa kuheshimu umri. Fundi akiyapoteza yote ndani ya muda huo, poka ni ujuzi na chumba ni chake. Akibakiwa na jino hata moja, poka ni kamari, na chumba kirudi kwa watoto wa marehemu.

"Na mimi," aliuliza Bima polepole, "niko huru kucheza nitakavyo?"

"Uko huru."

Koridoni pasi ilisimama kidogo, kisha ikaendelea. Ukimwacha Bima, mke wa Fundi ndiye pekee aliyeliona shimo papo hapo, na kwa kuwa hakuulizwa, hakusema. Fundi aliliona Jumatano, akiwa na vidole viwili ndani ya mdomo wa mwalimu mkuu mstaafu: hakuna kilichomlazimisha Bima ashinde. Mwalimu mkuu alisema baadaye kwamba vidole viliganda mle ndani muda mrefu mpaka akadhani ameonekana na ugonjwa.

*

Jumapili saa tisa Bima aliingia akitabasamu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake katika chumba kile. Mjomba aliketi kichwani mwa meza na daftari lake, yeye ndiye mgawaji. Mke wa Fundi alisimama mlangoni, mikono kifuani.

Taratibu za mchezo ni rahisi. Kabla ya kugawiwa, kila mmoja huweka jino moja katikati. Hupewa karata tano, hubadilisha asizozipenda, kisha mmoja huanza kusema, kwa zamu. Anaweza kuweka meno zaidi, na mwenzake akitaka kubaki lazima afuate. Au anaweza kutupa karata zake chini, na meno ya katikati yawe ya mwenzake. Anayetaka kushindwa, basi, hutupa tu.

Fundi alianza, akatupa. Zamu ya pili ikawa ya Bima, akatupa. Fundi akatupa. Bima akatupa. Jino lililokwenda lilirudi, likaenda, likarudi. Kufika saa tisa na nusu Bima alikuwa amewatupa wafalme watatu bila kupepesa, na Fundi alikuwa ametupa kopa tano zilizofuatana, karata ambazo mtu anaweza kuishi na kufa bila kuziona. Nyumba ile haikuwahi kushuhudia ukarimu wa kiwango hicho kati ya ndugu. Mjomba aliandika yote: mlalamikiwa ametupa, mlalamikaji ametupa.

Fundi alijaribu njia nyingine. Akiwa hana kitu mkononi alisukuma meno matano mbele, akitumaini kufuatwa na kupigwa. Bima alitupa hata kabla meno hayajatulia. Fundi akaongezeka jino. Akajaribu tena, akaongezeka tena. Saa kumi ilimkuta na meno arobaini na tatu, akitajirika dhidi ya mapenzi yake, na Bima akimpongeza kila mara kwa sauti ya mtu anayeuza bima ya mazishi.

"Hongera, shemeji. Una mkono wa baraka."

Saa kumi na robo Fundi alielewa kosa lake. Alikuwa akicheza karata na mtu ambaye hakuwa akicheza karata. Bima alikuwa akicheza chumba. Ilibidi arudishwe mezani, na Fundi alimjua vya kutosha. Kushindwa Bima alikuwa anakustahimili. Miaka minne ilikuwa imethibitisha hilo. Asichostahimili ni kuonekana kwamba amezoea kushindwa.

"Shemeji," alisema Fundi akitupa karata zake, kwa upole uleule wa kumwambia mteja afungue kinywa zaidi, "unajua wenzetu wa Alhamisi wanakuitaje?"

"Sitaki kujua."

"Wanakuita Malipo. Wanasema bima ya kweli ni wewe mwenyewe. Mtu akiwa na shida anakaa mkabala na wewe, analipwa."

Bima alitupa karata zake, lakini zamu hii alizitazama kwanza. Fundi akaendelea kwa mwendo huohuo. Alisimulia jinsi mwenye duka la dawa, mmoja wa watu wa Alhamisi, alivyonunua kiti kipya na kukipa jina la Bima. Alisimulia kwamba marehemu, siku alipokuja kujaribu meno yake, aliulizia hesabu za Alhamisi, na akataka kujua kama mwanawe anaziweza.

"Ukamwambiaje?" aliuliza Bima. Hakutaka kuuliza. Lilimtoka.

"Nikamwambia anajitahidi."

Kama mazungumzo hayo yaliwahi kutokea, hakuna aliyebaki wa kuthibitisha. Lakini kwa mtu wa miaka sitini na mbili kuambiwa kwamba anajitahidi, na kuambiwa mbele ya dada yake, ni afadhali matusi. Masikio ya Bima yalibadilika rangi. Mjomba akauliza kama neno hilo liandikwe. Hakuna aliyemjibu, akaliandika.

Saa kumi na dakika thelathini na tano zamu ya kusema ilikuwa ya Bima. Alibadilisha karata moja, akaiinua, akaichungulia. Na upande wa kushoto wa mdomo wake bamba la chini likainuka kwa unene wa karatasi.

Fundi alikuwa akilingoja tangu saa tisa. Alitazama karata zake mwenyewe: mbili, nne, saba, tisa na ghulamu, hakuna iliyokuwa na ujamaa na mwenzake. Bima alitazama karata zake, akatazama saa ya ukutani, akatazama daftari la Mjomba, akazitazama karata zake tena. Mkono ulikuwa umeshaanza kushuka kuzitupa.

"Tupa, Malipo," alisema Fundi. "Umezoea."

Mlangoni mke wa Fundi alicheka. Hakikuwa kicheko kirefu, ni pumzi moja ya puani, lakini ilikuwa ya dada mdogo.

Bima aliweka meno kumi.

Fundi hakupoteza muda. Alizungushia mikono miwili meno yake yote na kuyasukuma katikati.

"Yote," alisema.

"Unazuga."

"Nazuga," alikubali Fundi. Ulikuwa ukweli mtupu, na pengine wa kwanza kusemwa kwenye meza ile.

"Safari hii sikuachii," alisema Bima, na akafuata. Alifunua malkia watatu na kumi mbili, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio, kama anayeweka vyombo vya wageni. Fundi alifunua takataka zake. Bima akacheka. Alicheka mpaka akasimama, akayakumba meno kwa mikono yote miwili, akamwambia Mjomba "umeona?", akamwambia dada yake "umeona?", akaviambia hata vinywa vya rafuni. Miaka minne ilikuwa ndani ya kicheko kile.

Mjomba alimaliza mstari, akapuliza wino.

"Mlalamikiwa hana jino," alisema.

Ilichukua muda. Kicheko hakikumtoka Bima usoni kwa mara moja. Kilitoka vipande vipande, midomo kwanza, macho mwisho.

"Hiyo ni bahati," alisema. "Karata zilikuja zenyewe."

"Zilikuja zenyewe," alikubali Mjomba. "Lakini nzuri kama hizo umezitupa tangu saa tisa, ninazo hapa zote. Hizi nani alikukataza kuzitupa?"

Mjomba akasoma hukumu, ambayo ilionekana kuandikwa tangu Jumatatu: poka ni ujuzi, Fundi si mcheza kamari, chumba cha mbele kibaki kwake. Akaweka sahihi yenye mikia miwili.

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Bima alipouliza, kwa sauti ya chini, alijuaje kwamba safari ile karata zilikuwa nzuri, Fundi angeweza kusema amebahatisha, japo hilo lisingependeza kisheria. Lakini alikuwa amefanya kazi miaka thelathini ambayo watu huificha wakishailipia. Hakuna anayemwonyesha jirani fundi wake wa meno. Na leo, kwa mara ya kwanza, alikuwa ameandikiwa kwenye daftari gumu kwamba ana ujuzi. Akaeleza. Alieleza kwa penseli. Alishusha kutoka rafuni kinywa cha Bima, namba mia mbili na kumi na mbili, akaonyesha ukingo wa kushoto jinsi ulivyopungua, jinsi taya ikibana bamba linavyoinuka, na jinsi wengine wanavyotofautiana, yule dereva mstaafu wa Alhamisi kwa mfano, ambaye kwake ni la juu.

"Kwa hiyo uliliacha fupi makusudi," alisema Bima.

"Hapana," alisema Fundi. "Nilikosea. Nilipogundua ndipo nikaliacha."

Bima aliingiza vidole mdomoni, akatoa bamba la juu, akatoa la chini, akayaweka katikati ya yale meno mia moja. Kisha akamwambia shemeji yake neno ambalo bila meno halikutamkika vizuri, na ambalo kila mmoja chumbani alilielewa.

*

Alhamisi iliyofuata Fundi alizima mota saa tisa, akafuta meza, akachanga karata. Hakuja mtu; habari ya mabamba ilikuwa imeshawafikia. Mwenye duka la dawa alituma ujumbe kwamba anaumwa kichwa, ugonjwa ambao dukani kwake ulikuwa na dawa za aina kumi na moja. Dereva mstaafu hakutuma ujumbe. Alipita upande wa pili wa barabara, mdomo umefumbwa kama bahasha. Kwa miaka minne walikuja kucheza na bahati ya Fundi. Kucheza na Fundi mwenyewe hakuna aliyekuwa na hamu nako.

Kazi, ajabu, iliongezeka. Watu walileta mabamba yao yakazwe, wakisema yanacheza, huku mkono uko mdomoni. Mama mmoja aliyetengenezewa miaka sita nyuma aliyatuma yake kwenye bahasha na kubaki nyumbani mpaka yaliporudi. Bima alikwenda kwa fundi wa upande mwingine wa mji, akalipa bei ya mtu baki, na hakukanyaga tena chumba cha mbele. Wakikutana kwenye ngazi husalimiana kwa kikohozi.

Alhamisi ya tatu mlango wa ndani ulifunguliwa saa tisa kamili, akaingia mkewe. Alikuwa ameomba ruhusa kazini, jambo ambalo hakulifanya hata wiki ya msiba. Alivuta kiti cha Bima, akaketi.

"Gawa, Fundi," alisema. Alimwita Fundi kama watu wote, kwa sauti ya mtu aliyemwita fundi wa bomba.

"Tunachezea nini?"

"Chumba. Nusu yake, upande wa mlango."

Fundi alitabasamu. Mkewe hakutabasamu. Akamweleza, bila haraka, kama anayekunja shuka. Mama yake alimruka yeye, binti wa kumzaa, akampa mlango wa barabarani mwanamume aliyeoa kwao. Kaka yake akaupigania mlango huo kana kwamba yeye ni mtoto wa pekee. Mjomba akajaza kurasa tisa. Na katika kurasa hizo tisa yeye ametajwa mara moja, pale alipocheka. Ana miaka kumi na minane anapiga pasi kwenye korido ambako wateja wanaona haya kupanda.

"Ujuzi unao, umeandikiwa," alisema. "Gawa."

Fundi aligawa. Mkewe aliziinua karata zake mara moja tu, akazilaza kifudifudi, akaweka mikono juu yake. Hakubadilisha hata moja. Kisha akasukuma mbele kopo zima la meno, lote kwa mkupuo, akamtazama mumewe usoni.

Fundi alikuwa na wafalme wawili na saba mbili, karata za kutosha kwa siku yoyote ya kawaida. Akatazama mdomo wa mkewe. Ulikuwa na meno thelathini na mawili, yote ya kwake, yameota yenyewe na kushika mfupa. Hakuna lililoinuka. Hakuna ulimi uliokwenda kukagua kitu. Katika miaka ishirini na saba ya ndoa hakuwahi kuwa na sababu ya kuuchunguza mdomo ule, na sasa aliuchunguza kwa dakika nzima, na aliambulia kile ambacho mtu huambulia akisoma ukuta.

"Sichezi," alisema mwishowe.

"Kwa nini?"

"Siwezi kujua una nini." Alirudisha karata zake mezani. "Hii itakuwa kamari."

Alilisikia neno likishaondoka. Mkewe aliliacha litulie, kama mtu anayesubiri pasi ishike moto.

"Sasa chagua," alisema. "Niende kwa Mjomba nikamwambie ulivyosema kwa kinywa chako, chumba chote kirudi kwetu, mimi na kaka, na kaka alete kibao chake. Au uniandikie nusu sasa hivi, na mimi sijasikia kitu."

Alikuwa na karatasi mfukoni, imeshaandikwa, imebaki sahihi. Fundi aliisoma hadi katikati, akaomba penseli, akaambiwa atumie kalamu. Mkewe aliikunja mara nne kabla wino haujakauka vizuri. Karata zake tano alizirudisha ndani ya pakiti bila kuzifunua, na Fundi hakuthubutu kuuliza.

Meza ya pasi ilishushwa saa kumi na moja, ikawekwa upande wa mlango, na kesho yake wateja wanne waliingia bila kupita ubavu. Mvuke wake unafanya plasta ichelewe kukauka. Fundi alilalamika mara moja, akaambiwa afungue dirisha la upande wake. Upande wake hauna dirisha.